Barua kwa Bi Matroni: Kila sharti lina mwenyewe

Wiki hizi barua karibu zote ni za dakhalia, mabweni ya wanafunzi. Vyuo vimefungua, boti za kutoka Mkoani, Pemba, zinashusha watoto na magodoro pale bandarini Malindi, Unguja, na mimi meza imenijaa malalamiko mpaka sahani ya chai haina pa kukaa.

Kwa msionijua: nilikuwa matroni wa dakhalia ya wasichana katika chuo kimoja hapa Unguja tangu 1994 mpaka 2017. Kwetu Wete, Pemba. Nimestaafu na magoti mabovu kwa ajili ya ngazi za ghorofa tatu, na madaftari sita ya matukio ambayo mume wangu kila akisafisha nyumba anataka kuyachoma. Kila mwaka mwanafunzi alikuwa lazima aniulize karatasi ya masharti kaitunga nani, maana anaiona imekaa kuwakomoa. Hakuna aliyekaa akaitunga. Imeandikwa mstari mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na karibu kila mstari naweza kukwambia ni nani aliyeusababisha, chumba namba ngapi, na siku ile kama mvua ilikuwa ikinyesha au la.

*Shikamoo Bi Matroni. Nipo mwaka wa kwanza, dakhalia ya wavulana. Tumekatazwa birika la umeme, koili, jiko la sahani na sufuria la umeme, lakini feni na chaja ya simu ruhusa. Umeme si ule ule? Na tumeshalipa ndani ya ada. Patroni kanichukulia birika langu jipya, hata halijashika kutu. Ana haki? — Mpenda chai, Unguja*

Marahaba mwanangu. Umeme si ule ule. Nenda kwa patroni, muombe uligeuze birika lako tu, chini utakuta kibandiko: wati 2,000, au karibu na hapo. Feni yako ya dari haifiki wati 80. Taa hizi za siku hizi ni wati tisa, kumi. Kwa hiyo ukilichomeka birika ni kama umewasha feni ishirini na tano kwa mpigo, kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Fundi wetu wa umeme, mzee wa Makunduchi asiyekuwa na maneno mengi, alinifundisha hesabu hii kwa chaki ukutani mwa ofisi yangu. Chukua wati, gawa kwa volti 230, unapata ampea. Birika moja linavuta karibu ampea 9, kwa hesabu kamili 8.7. Sasa tuseme vyumba vya upande wenu vinalishwa na waya mmoja wenye breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 32. Mabirika matatu ni 26, breka inastahamili. La nne ni 35. Hapo imezidiwa, na ikikata nyote mko gizani asubuhi ya mtihani, na kila mmoja anaapa kwamba yeye hana birika.

Breka ikikata si neno, ndiyo kazi yake hiyo. Linalonikosesha usingizi mimi ni ekstensheni, zile nyeupe za bei rahisi zenye waya mwembamba kama tambi. Ampea 9 zikipita humo waya unapata moto kabla breka haijaona kitu, maana kwa breka 9 si chochote. Mwaka 2003, chumba namba 14, msichana mmoja alichomeka sufuria la umeme apike wali, akauficha waya chini ya godoro ili mimi nikipita nisiuone. Akaenda kuoga. Mimi nikasikia harufu nikiwa ngazini. Kufika, godoro la sponji linafuka moshi mweusi, na moshi ule wa sponji ndio unaoua, moto wenyewe huja nyuma. Nikazima swichi kubwa kwanza, hilo mlikumbuke nyote, kabla ya maji, kabla ya kupiga kelele. Kisha nikalikokota godoro mpaka roshani nikalitupa chini uani. Likaangukia kamba ya nguo. Kanga za wasichana kumi na moja ziliungua siku ile, na mpaka leo wapo wanaonisalimu kwa shingo upande.

Mstari wa mishumaa nao una tarehe. Umeme wa kutoka Bara ulikatika Unguja nzima Disemba 2009, hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Watoto walikuwa wakisoma kwa mishumaa wameibandika kwenye chuma cha kitanda cha deki, wa juu anasoma, wa chini anadondokewa. Ndugu zangu wa Pemba walinipigia simu kunicheka: wao walikuwa na majenereta yao ya Wesha. Chandarua kimoja kilishika moto, tukakizima kwa ndoo ya maji ya kufulia. Tangu siku hiyo ikaandikwa: tochi tu.

Koili ya kuchovya kwenye ndoo, na miguu iko kwenye sakafu yenye maji, sitaki hata kuijadili.

Patroni haki anayo, kama karatasi uliitia saini, na uliitia. Lakini naye ana wajibu wake. Birika ni mali yako. Aliandike kwenye daftari kwa jina lako na tarehe, akupe kipande cha karatasi, na siku ya kufunga muhula ulichukue uende nalo kwenu. Asiposema litarudi lini, muulize kwa adabu. Nimewahi kuona mabirika ya wanafunzi yakichemshia chai ofisini, si ofisini kwangu lakini. Kwa sasa nunua chupa ya chai ya lita moja, ijaze jikoni baada ya isha. Asubuhi bado inaunguza ulimi.

*Asalaam alaykum Bi Matroni. Mimi nimepata kitanda dakhalia, mtoto wa ami yangu hakupata. Ami kanipigia kutoka Chake: "Laleni pamoja, nyinyi si ndugu?" Hii wiki ya tatu tunabanana kitanda kimoja, na mwenzetu wa kitanda cha juu hasemi na sisi tena. Nikimtoa nitaambiwa nimekata udugu. — Nimebeba*

Waalaykum salaam. Wenzetu wa Bara wanaita kubebana, na neno limevuka bahari pamoja na tabia yenyewe. Nisikufiche: na mimi nimewahi kubebwa. Mwaka 1978, chuo cha ualimu, jina langu liko kwenye orodha ya wanaongojea kitanda, na kwetu Wete si pa kwenda na kurudi. Rafiki yangu mmoja wa Makunduchi akanitandikia mkeka chini ya kitanda chake. Chumba cha watu watatu tukawa wanne. Mwezi mzima. Siku za ukaguzi nilikuwa nikijikunja nyuma ya mlango wa kabati na shuka kichwani, na kwa akili yangu nilikuwa nimejificha vizuri sana.

Matroni wa wakati ule akaingia siku moja, hakuinama chini ya kitanda, hakufungua kabati. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha miswaki dirishani. Akahesabu. Minne. Akasema, "Nampa dakika mbili mwenye mswaki wa nne," akatoka nje akasimama.

Haya, sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachokuhusu wewe. Mimi mbebwa sikupata adhabu ya maana. Wiki ya pili kitanda kikawa wazi, jina langu likafikiwa kwenye orodha, nikapewa. Rafiki yangu ndiye aliyenyang'anywa chake, muhula mzima, akaenda kukaa kwa shangazi yake mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, na kila asubuhi anakuja chuoni kwa miguu. Yeye kanibeba, yeye kaangushwa. Hajanitolea neno hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Na wewe ndiye uliyetia saini, si mtoto wa ami.

Halafu nilipokuwa matroni mwenyewe nikalijua la pili. Moto ukitokea saa nane za usiku, watu wote wanashushwa uwanjani na mimi nasimama na orodha naita majina. Jina ambalo halimo haliitwi. Halikuitwa, hakuna anayejua kwamba halikuitika. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wazazi, wakinyamaza.

Fanya hivi. Nendeni nyote wawili kwa matroni wenu kesho asubuhi, kabla ya huyo wa kitanda cha juu hajatangulia. Mwambieni kweli. Kila mwaka wapo waliopewa vitanda na hawakuja, na matroni anajua ni wangapi, ila hatoi kwa asiyeomba. Akiwa hana kitanda, muombe siku chache za mgeni aliyeandikwa, ili mtoto apate kutafuta chumba cha kupanga na wenzake wawili watatu. Vipo, na wanafunzi wengi wanaishi hivyo. Ami mpigie wewe, usingoje akupigie. Usimwambie "sitaki" wala "kitanda kidogo", hayo hayamuingii. Mwambie, "Ami, wakitukuta naondolewa mimi, tutakuwa wawili tusio na pa kulala." Hiyo ni hesabu, mtu mzima anaielewa.

Na wa kitanda cha juu muombeni radhi kwa mdomo. Yeye hakupigiwa simu na ami. Yeye kaambulia joto na foleni ya bafu tu.

*Bi Matroni, mwenzangu wa chumba kaletewa doriani mbili na babu yake, kaziweka chini ya kitanda "ziive vizuri". Nimeisoma karatasi ya masharti mara tatu, haisemi kitu. Nifanyeje? — Pua yangu, Pemba*

Karatasi yenu ina upungufu. Yetu ilikuwa na mstari huo, wa mwisho kabisa, umeongezwa kwa kalamu: "Doriani haliingii ndani ya jengo." Mwenyewe wa mstari huo ni mimi. Nililetewa moja kutoka shamba, nikaliweka ofisini nile baada ya magharibi, ofisi iko chini ya ngazi, na upepo ule wa kaskazi ukaichukua harufu yake mpaka ghorofa ya tatu. Wasichana wakaandika barua kwa mkuu wa chuo, wametia saini arubaini. Nilistahiki.

Mwambie leo kabla ya usiku, uso kwa uso, na usiende kuandika kwenye kundi la WhatsApp la dakhalia, huko utapata vicheko na uadui. Mwambie zikatwe uwanjani, leo hii, na maganda yaende jaani mbali, yasitiwe kwenye pipa la ukumbini. Akikualika, kula. Akila peke yake uani wewe unamtazama, hapo ndipo uandike tena nimlaani.

*Bi Matroni, nimemaliza mwaka, nikaenda kudai fedha yangu ya dhamana nikaambiwa imekatwa: vioo vitatu vya dirisha na kitasa. Wallahi nilivikuta vimevunjika. Nimedhulumiwa au vipi? — Mwenye machungu*

Pengine umedhulumiwa, na pengine umejidhulumu. Siku uliyoingia ulipewa fomu ya vitu vya chumba: kitanda, godoro, meza, kiti, kabati, kitasa, vioo. Mbele ya kila kimoja kuna "kizima" na "kibovu". Nataka kubahatisha kwamba ulikuwa na begi mkononi, jasho linakutoka, mama yako yuko nje anangoja gari, ukatia saini chini bila ya kuingia chumbani. Ukakubali kwamba vioo vyote vizima.

Lakini na sisi tuna letu. Yapo madirisha haya ya luva, vioo vyembamba vimelala kimoja juu ya kimoja, saa nyingine kumi na mbili kwa dirisha moja. Nani anavihesabu? Mwaka mmoja, nakiri, nilijaza fomu sitini usiku mmoja nikiwa nimekaa kitandani kwangu na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Zote "kizima". Sikuingia chumba hata kimoja. Mwisho wa mwaka nikawadai watoto vioo ambavyo mimi mwenyewe sikujua kama vilikuwepo. Mmoja alilia mbele yangu, nikamwambia saini ni saini. Siku hizi nikimkumbuka huyo naona haya.

Wewe andika barua fupi kwa ofisi, uombe mambo mawili tu. La kwanza, daftari la matengenezo la mwaka uliotangulia: kama dirisha la chumba chako liliripotiwa na halikutengenezwa, litakuwemo. La pili, aliyekaa chumba hicho kabla yako, mtafute aandike mistari miwili atie saini. Wenzako wa chumba watakuwa mashahidi wako, ingawa nao wamekatwa na watasema chochote. Usiende na sauti ya juu. Kitasa huenda ukashindwa, vitasa huvunjwa na wanaopoteza funguo, na ofisi inajua hivyo. Vioo una nafasi.

Wanaoingia mwaka huu: kabla ya saini, ingia. Funga na ufungue mlango mara mbili. Hesabu luva kwa kidole, na uandike namba, si "baadhi". Inua godoro utazame chaga, na ukiwa umeinama hapo angalia mishono ya godoro na maungio ya chuma kama kuna vidoa vyeusi vidogo kama wino uliodondoka. Hiyo ni alama ya kunguni, na ukiwakuta leo ni wa chuo, ukiwaripoti Februari watakuwa wako. Piga picha kwa simu, uihifadhi mpaka siku ya kutoka. Na luva zikiwa hazishiki, usiweke simu dirishani. Mwizi anakichomoa kioo taratibu, anakiegemeza ukutani kizima, anachukua simu anaondoka. Asubuhi unadhani jini.

*Shikamoo Bi. Natoka Songea, mimi ni Mkristo, huu mwaka wangu wa kwanza Zanzibar. Chumbani tuko wanne, wenzangu watatu wanafunga. Naambiwa Ramadhani ikifika nitapata tabu. Nitakula wapi? Nivae nini? Naogopa kukosea. — Mgeni*

Marahaba mwanangu, karibu. Anayeogopa kukosea hakosei sana, wanaotupa kazi ni wale wengine.

Mchana wa Ramadhani hapa migahawa mingi inafungwa, na kula au kunywa njiani, kwenye gari au hata ukumbini mwa dakhalia ni jambo linalomkera kila atakayekuona. Hata kutafuna ubani. Maji yako kunywa chumbani au bafuni. Uliza ofisi mapema kama chuo kina chumba kilichotengwa kwa wasiofunga. Vyuo vingine vinacho. Kama hakuna, zungumza na hao watatu wiki moja kabla mwezi haujaandama: "Mimi nitakula humu saa saba, mkiwa darasani, mlango umefungwa." Sijapata kumuona aliyeulizwa hivyo akakataa. Niliowaona wakigombana ni wale ambao mmoja alifungua pakiti ya biskuti kimya kimya akidhani mwenzake kalala. Nunua mkate jioni wa kesho yake, na matunda. Chenye harufu ya kukaanga kiache mpaka jua lizame.

Jioni utaitwa kufuturu. Nenda. Utakuta uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi, na mtu wa kukutilia tena kabla hujamaliza. Usile chakula chako pembeni saa hiyo, hilo ndilo litakaloonekana baya.

Tabu ya kweli ni daku. Saa tisa za usiku wenzako wataamka, taa itawashwa, vijiko, sufuria, mtu anauliza chumvi iko wapi. Wewe una kipindi saa mbili asubuhi. Na hapa naongea na hao watatu, najua watasoma: funga yenu haikukupeni ruhusa ya kugonga sahani. Sahani zitolewe nje jioni, chakula kiwe kimeshapashwa kipo kwenye chupa, tochi iwashwe badala ya taa ya dari, na kengele ya simu iwe moja. Moja, na mwenye nayo aamke. Yule anayetega tano na haamki hata kwa ya tano, yeye anaharibu usingizi wa wanaofunga na wasiofunga sawasawa.

Ramadhani ya 2001, iliyoanza katikati ya Novemba, nilikuwa na msichana wa Mbeya, Mlutheri, aliyekuwa akiamka saa nane kusoma kwa sababu ndiyo saa peke yake jengo limetulia. Akawa yeye ndiye anayewaamsha wenzake daku. Siku moja akalala, na chumba kizima kikafunga na njaa ya jana. Walimnunia yeye! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mavazi si ya Ramadhani tu. Kutoka chumbani kwenda bafuni ni kanga mbili, moja kiunoni moja mabegani, wala si taulo peke yake, hata kama jengo zima ni la wanawake. Fundi bomba hupanda, mlinzi hupanda. Nje ya geti funika mabega na magoti. Hakuna anayekutaka uvae buibui. Jumapili yako hakuna atakayeigusa: Kanisa Kuu la Mkunazini na lile la Minara Miwili yote yapo Mji Mkongwe. Andika tu kwenye daftari la kutoka, saa uliyoondoka na uendako, kama wanavyoandika wenzako.

*Bi Matroni, inawezekana kufuga paka chumbani? Ni mdogo. — Ghorofa ya pili*

Atakua.

*Bi Matroni, mimi ni mtu mzima wa Konde. Binti yangu anakuja chuo Unguja, mara ya kwanza kuvuka bahari bila ya mimi. Nataka kujua mlango unafungwa saa ngapi, nani anamlinda, na kama matroni atanipigia simu akichelewa. Nimemnunulia sanduku la bati lenye kufuli zuri, na ufunguo mmoja nitabaki nao mimi. Nimpe na nini tena? — Baba*

Kaka yangu, hongera kwa mtoto. Geti letu lilikuwa likifungwa saa nne za usiku; la chuo chake muulize matroni wake, na muulize pia anayerudi saa nne na robo anafanywa nini, kwa sababu hilo ndilo lenye maana zaidi kuliko saa yenyewe. Kwetu alikuwa akiandika jina na sababu. Mara tatu katika muhula, tunakaa naye chini. Hatukumfungia mtu nje hata siku moja, msichana nje ya geti usiku hakuna sharti lililomfaa.

Simu nilipiga kwa mambo mawili: maradhi, na mtu asiyeonekana usiku kucha. Kuchelewa nusu saa sikupigia mzazi. Binti yako ni mtu mzima mbele ya sheria, na mimi nilikuwa na wasichana mia na themanini na ndani ya simu salio la shilingi elfu mbili. Wageni wa kiume, hata kaka zake, wanapokewa barazani chini, hapandi mtu. Na wewe pia hupandi, ukimletea godoro utaliacha ngazini wenzake watalibeba. Nilikuwa na baba mmoja, Mpemba mwenzetu, aliyehamia kwa nduguye Mwanakwerekwe muhula mzima, na kila Ijumaa baada ya laasiri anakaa chini ya mwembe mbele ya geti na mkoba wa machungwa. Hakumfanyia mtu ubaya. Lakini mtoto akawa hatoki siku ya Ijumaa hata kwenda dukani, na baadaye akaniambia kwamba machungwa alikuwa akiyagawa yote, hakuweza kuyala.

Mpe ndoo mbili zenye vifuniko, maji hukatika. Chandarua cha pembe nne. Cha duara hakina pa kutundika kwenye kitanda cha deki. Jozi mbili za shuka, kandambili za bafuni, tochi ya kuchaji. Nakala tatu tatu za cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na asili zibaki kwako. Dagaa wakavu na achari ruhusa, ila ndani ya makopo ya kubana, mfuko wa plastiki panya anaufungua vizuri kuliko sisi. Karafuu kiganja kimoja ndani ya nguo, kwa harufu na kwa kukumbuka kwao. Usimpe gunia la mihogo. Usimpe jiko la mafuta ya taa, litakamatwa siku ya kwanza na atajulikana kwa hilo miaka mitatu.

Sanduku zuri. Mpe funguo zote mbili.